Tumaini na Ubishi

Espoir FC ni timu ya kandanda ya wilaya ya Rusizi, kwenye kona ya kusini-magharibi mwa Rwanda, pale ambapo mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu na kushika njia ya Tanganyika. Espoir ni Kifaransa, maana yake tumaini. Uwanja wake wa nyumbani unaitwa Kamarampaka, na kwa Kinyarwanda maana yake ni kinachomaliza ubishi. Ndilo jina ambalo wananchi wa Rwanda waliipa pia kura ya maoni ya 25 Septemba 1961. Kwa hiyo shabiki wa Rusizi huondoka nyumbani na tumaini, akaelekea mahali pa kumalizia ubishi. Jioni hurudi tumaini limepungua na ubishi umezidi.

Msimu wa ligi kuu, ambako Espoir ilicheza hadi 2023, huanza Agosti hivi na kwisha Mei au Juni. Timu ni 16, mechi 30, nusu yake ugenini. Kiangazi kirefu cha Rwanda ni Juni hadi Agosti, kumaanisha kwamba ligi imepangwa kwa ustadi ili isiguse jua. Mvua za vuli na za masika zote humkuta shabiki akiwa amekaa. Mwavuli, katika upande usio na paa, ni chombo cha kumkinga mwenyewe na mvua, na kumkinga aliye nyuma yake na mechi. Bao likifungwa, aliye nyuma huliona kwa masikio, halafu wiki nzima hulisimulia kwa undani kuliko kipa aliyefungwa.

Shabiki anayekaa karibu na Rusizi II, penye daraja la kuvukia kwenda Bukavu, ana matatizo ya ziada. La kwanza ni simu. Mwenye simu yuko Rwanda lakini simu yenyewe, kwa kufuata mnara wenye nguvu, mara nyingi huwa imeshavuka mto bila kitambulisho wala foleni. Akipiga kuuliza matokeo ya ugenini, salio huliwa kwa bei za kimataifa na sauti hukatika kwenye neno "tume—". Tumeshinda au tumefungwa, hilo litajulikana baada ya kununua vocha nyingine. Redio nayo ina tabia hiyohiyo. Mtangazaji anapandisha sauti, mshambuliaji anaingia kwenye boksi, na hapo hapo kwaya ya ng'ambo inachukua masafa na kuimba beti tatu. Kwaya ikiondoka, mpira uko katikati ya uwanja, na hakuna anayeeleza uliwekwa pale kwa sababu gani.

Umeme unastahili aya yake. Kwenye mto huu limejengwa bwawa la Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989 na linalozalisha umeme wa nchi tatu: Rwanda, Burundi na Kongo. Mtu asiyejua mambo angedhani kwamba anayekaa jirani na mitambo atakuwa wa mwisho kuingia gizani. Kumbe jirani wa bwawa ana faida moja tu: taa ya baa inapozima dakika ya 88, yeye anajua kwa jina mto wa kuulaumu.

Safari za ugenini ndizo hasa zinazomtenganisha shabiki na mpenzi wa kawaida. Wanaosema Rwanda ni nchi ndogo hawajawahi kutoka Kamembe, mjini Rusizi, kwenda Nyagatare, kwa timu ya Sunrise, yaani macheo, kushuhudia sare ya bila kufungana. Hapo Tumaini limeifuata Macheo kutoka pembe moja ya nchi hadi pembe ya pili, na wote wawili wametoka mikono mitupu. Rubavu, kwa Etincelles, njia hufuata ziwa, na ziwa halijawahi kunyooka: kona zake hurudisha mdomoni chakula cha jana. Kwenda Kigali au Huye, njia kuu hupita msitu wa Nyungwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2023. Watalii huulipia msitu huo. Shabiki huuona bure, usiku, akiwa amesimama ndani ya basi kwa sababu kiti chake kimekaliwa na ngoma. Huko juu baridi ni kali, na mlima wenyewe hugawa maji: tone linaloanguka upande mmoja huishia mto Naili, la upande mwingine huishia mto Kongo. Shabiki aliyesahau kufunga dirisha la basi huyapokea yote mawili.

Aliyesahau chakula hutegemea kifurushi cha mwenzake, na Rusizi kifurushi maana yake sambaza wa kukaanga. Samaki hao wadogo nao ni wageni wa ugenini: waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazoea kuliko walivyotarajiwa. Ndani ya basi lililofungwa madirisha, nusu kilo inatosha kuwajulisha abiria wote kwamba kuna shabiki wa Espoir safarini. Fulana ya timu haihitajiki.

Siku ngumu kuliko zote enzi za ligi kuu, hata hivyo, ilikuwa nyumbani, nayo ni siku ya Rayon Sports. Timu hiyo ilianzia Nyanza mwaka 1968, huitwa Gikundiro, yaani kipenzi, na ina wafuasi kila kilima. Asubuhi hiyo shabiki wa Espoir hugundua kwamba kinyozi wake, shemeji yake na mwenye nyumba wake wote wana fulana za buluu ambazo hawakuwahi kumwonyesha. Uwanja unajaa, mlangoni watu wanasukumana, na yeye, mwenyeji, ndiye anayeambiwa asogee. Akishangilia peke yake watu hugeuka kumtazama kama aliyepiga chafya msibani. Kodi ya nyumba ikidaiwa kesho yake kwa ukali usio wa kawaida, sababu inajulikana.

Na ubishi wa mechi hiyo hauishii Kamarampaka. Humaliziwa kwenye foleni ya Rusizi II, kati ya wachuuzi wa nyanya na wapenzi wa kandanda wa Bukavu, ambao wana vita vyao wenyewe vya Muungano na Bukavu Dawa na huleta uzoefu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Darajani kilikuwa rasmi siku nyingi, kwa kuwa ndicho wanachoweza kutaniana nacho bila yeyote kuwa mgeni. Mkongomani aliyevuka kwa kibali cha siku moja kuja kutazama mechi ana hesabu ya peke yake. Mpaka una saa yake ya kufungwa, refa ana dakika zake za nyongeza, na hawa wawili hawajawahi kukaa meza moja. Dakika saba za nyongeza zimewahi kumlaza mtu Kamembe, akamweleza mkewe kwa simu kwamba tatizo lilikuwa jeraha la beki.

Marekani mambo ni mepesi zaidi. Huko timu ya besiboli ya ligi kuu hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, hivyo aliyefungwa leo ana kesho ya kujitetea. Rusizi kipigo cha Jumamosi hutafunwa hadi Jumamosi nyingine, na kama hiyo ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi kuna umuganda kwanza, yaani kazi ya pamoja ya wananchi. Hapo mtu hupewa jembe na kupangwa kwenye mtaro pamoja na mashabiki wa timu ya APR, saa tatu nzima, bila pa kukimbilia.

Mwisho wa msimu wa 2022/23 Espoir ilishuka daraja, pamoja na Rwamagana City. Daraja la pili lina kona zilezile na mvua ileile. Kilichopungua ni redio. Matokeo sasa huja na dereva wa pikipiki, ambaye hutaja kwanza nauli, kisha mabao, na shabiki mwenye haraka hulipa bila kubisha bei.

Kiangazi kikiingia skafu ya timu haikai bure. Hukunjwa ikawa ngata, ikawekwa kichwani chini ya beseni la sambaza, ikavuka Rusizi II kwenda na kurudi mpaka ligi ianze tena. Hapo hufuliwa mara mbili kwa sabuni nyingi, ikaanikwa, ikafungwa shingoni. Mechi ya kwanza ya msimu, mwenye skafu hiyo hukaa kwa nafasi: kushoto kwake viti vitatu vitupu, kulia viwili, na mbele hakuna mwavuli hata mmoja.