Mbegu ya Msimu Uliopita

Jumamosi hiyo ya Novemba mvua ilishuka Embu kabla ya saa kumi na moja jioni. Githeri ilikuwa jikoni, na sebuleni kompyuta yetu ya mtumba, iliyokufa betri zamani, ilikuwa ikisasisha programu zake. Radi ikapiga, stima ikapotea. Tukala kwa mwanga wa taa ya sola, tukalala.

Asubuhi nilipoiwasha, moyo uliniruka. Kioo cheusi, maandishi meupe, na chini kabisa: "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Nikazima, nikawasha. Yale yale. Humo ndimo zilimokuwa hesabu za chama chetu za mwaka mzima: aliyekopa, aliyelipa, riba ya kila mmoja. Mweka hazina ni mimi, na saa nane mchana kina mama ishirini na wawili walikuwa wanakuja kwangu kugawana pesa zao.

Fundi wa mjini, tulipompigia, alisema dawa ni kupiga fomati. Nikamuuliza, "Na hesabu je?" Akanyamaza. Nikakata simu, nikampigia shemeji yangu wa Meru, anayetunza kompyuta za shule huko Makutano.

"Shem, usifute kitu. Nisomee ulichoandikiwa, herufi kwa herufi."

Nikamsomea. Akashusha pumzi. "Hesabu zako zipo. Kerneli ni kiini cha mfumo. Ndicho huamka kwanza, kisha huwaamsha wengine. Lakini kikiamka hakijui diski iko wapi. Huonyeshwa njia na kifurushi kidogo kiitwacho initramfs. Jana kiini kipya kiliingia, stima ikakatika kabla kifurushi chake hakijakamilika. Sasa kimeamka gizani, hakioni mlango. Na hayo maneno 'not syncing' yana maana kwamba kimesimama bila kuandika chochote diskini, kisije kikaharibu."

Akaniambia niiwashe tena nikiwa nimeshika Shift, na kama ingekataa, nibonyeze Esc. Menyu ikatokea. Nikaingia "Advanced options", nikakuta viini viwili: kipya, na kile cha zamani chini yake. "Mfumo wa Ubuntu hautupi cha zamani siku unapoleta kipya," alisema. "Chagua cha chini."

Nilibonyeza nikiomba kimoyomoyo. Maandishi yakapita mbio, kisha ikaja picha ya watoto niliyoiweka mwenyewe. Nikafungua faili la chama. Majina yote yalikuwepo, mpaka malipo ya Ijumaa. Machozi yakanitoka.

Hatukuishia hapo. Shem alinisomea amri mbili, nami nikaziandika polepole: "sudo dpkg --configure -a", ya kumalizia kazi iliyokatizwa, kisha "sudo update-initramfs -u -k all", ya kuunda upya vifurushi. Nikawasha upya kwa kiini kipya. Kikaamka, kikauona mlango.

Mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini muda wote, kikombe cha chai mkononi. Akaniuliza ni nini kilichoiponya. Nikamwambia, "Mama, kuna cha zamani kilichokuwa kimehifadhiwa."

Akaelekeza kidole jikoni, juu ya meko, ambako mahindi yake ya mbegu huning'inia kwenye moshi. "Mimi zile sizishushi zote," alisema. "Nikipanda mpya, nabakiza za msimu uliopita mpaka nione shamba limeota."

Saa nane kina mama walifika, tukagawana mpaka shilingi ya mwisho. Jioni nilinakili hesabu zote kwenye flashi, nikaitia ndani ya kopo la bati, kisha nikamwomba Mama nafasi. Akalifunga kwa kamba mwenyewe, akalitundika ukutani, mbali na moto, mkabala na mahindi yake.