Simba Asiyecheka
The Lion King ya Jon Favreau, iliyotokana na katuni ya 1994, ilipotoka mwaka 2019, wahakiki wengi wa Marekani na Uingereza walilalamika kwamba simba wa kompyuta wanaimba vizuri, ila nyuso zao hazioneshi furaha wala huzuni. Watazamaji wakawajia juu: raha ya filamu nyie mnaijulia wapi? Filamu ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Wahakiki wakabaki na nyuso zinazoonesha hisia zote.

Shauri hili lilifaa lisikilizwe Mwamkulu, kwa wakulima wa mpunga wa Manispaa ya Mpanda, katika mkoa wenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa 1974 na yenye simba wa kweli. Mhakiki aje na daftari lake, abanane na watu kwenye benchi la kibanda umiza, yaani kibanda cha kuoneshea filamu, aeleze kuwa uso wa simba haukumgusa moyo.

"Mwanangu," mzee yeyote angemuuliza, "ulitaka simba akuchekee?"

Vijana wangekuwa wakali zaidi. Mnyama kuimba hakuwasumbui; filamu za Kihindi zimeshawazoesha kuona watu wakiimba mvuani huku jambazi akingoja zamu yake. Kinachowaudhi ni mtu kuongea wimbo ukiendelea, isipokuwa mtafsiri wa filamu wa aina ya Mtanzania maarufu Lufufu, ambaye kiingilio kimetolewa ili aongee. Huyo ndiye mhakiki wao: akichoshwa na Scar, simba mwovu wa filamu hiyo, anamtukana palepale, kwa Kiswahili, na filamu inaendelea.