Heri Kumhoji Mwanasiasa

Mwanasiasa ukimwekea kinasa sauti anadanganya mara moja, anakunywa maji, anaondoka. Mwandishi mwenzako anadanganya kwa awamu.

Kwanza anataka maswali mapema. Haya, Vladimir Nabokov naye alidai maswali kwa maandishi, akayajibu kwa maandishi. Lakini Nabokov alikuwa ameshaandika Lolita. Huyu wangu ana diwani moja, na nakala nyingi bado ziko uvunguni mwa kitanda chake.

Mgahawa anachagua yeye, bili nalipa mimi, nikitumaini jarida litanirudishia. Namuuliza nani kamwathiri. Shaaban Robert, anasema, halafu Kezilahabi, kisha ananyamaza ili jina la tatu nimtaje yeye. Nagona ya Kezilahabi anaisifu akiwa amefumba macho. Kitabu chenyewe ni chembamba, lakini muulize kinaishaje uone anavyomwita mhudumu alete sambusa. Na tangu Abdulrazak Gurnah apewe Nobeli mwaka 2021, kila mtu ana jibu jipya: “Mimi siandikii tuzo.” Shindano likitangazwa, huyo huyo ananipigia saa nne usiku kuuliza mwisho wa kupokea miswada ni lini.

Ukitaka aseme kweli, gusa mirabaha. Hapo anasahau kinasa sauti kabisa. Mchapishaji asiyepokea simu, hesabu za mauzo zisizofika, mwandishi anayebeba vitabu vyake kwenye mfuko wa rambo na kuuza kimoja kimoja kwenye makongamano. Anaeleza kwa ufasaha ambao sijawahi kuuona katika mashairi yake. Akimaliza, anainama sikioni: “Hayo usiandike, ndugu yangu.” Basi nimebaki na Shaaban Robert na sambusa.

Kisha anataka aione nakala kabla haijachapwa. Ananikumbusha kwamba jarida la The Paris Review, tangu lianze mwaka 1953, huwaruhusu waandishi kurekebisha mahojiano yao. Sawa. Inarudi wiki mbili baadaye. “Sijui” yake imegeuka aya mbili zenye Aristotle. Pameandikwa “(kicheko)” mahali ambapo hakuna aliyecheka. Hata maswali yangu kayahariri, sasa yote yanaanza na “Gwiji.”

Mhariri kaipenda hiyo kuliko yangu. Imetoka na picha yake ukurasa mzima, kashika kidevu. Bili ya mgahawa mhasibu kaikataa: haina risiti ya EFD.