Mashine Ndiyo Inanoa, Wewe Unafanya Nini?

Hapa Mafinga ukinunua kitu chenye plagi, hesabu umenunua kwa niaba ya mtaa. Mimi nilinunua mashine ya mezani ya kunolea cheni za chenso ili ninoe cheni zangu. Zangu. Neno hilo hakuna aliyelisikia. Siku hizi ukungu haujaachia barabara, tayari getini kuna watu wameshika viroba na ndoo, na mmoja kaivaa cheni shingoni kama mkufu wa bibi harusi, oili inamchuruzika kwenye sweta. Kila mtu anawahi paini zake. Na nadhani wote wamesoma kwa mwalimu mmoja, maana salamu yao ni hiyohiyo: "Mkuu, hii ni dakika mbili tu."

Dakika mbili za nani? Cheni ya baa ya inchi 20, hizi tunazoziona sana huku, huwa na vijino 72 vya chini vinavyopita kwenye mfereji wa baa, na juu yake meno 36 ya kukatia. Kumi na nane yanaangalia kushoto, kumi na nane kulia. Kila jino linataka kuwekwa mahali pake, kubanwa, kuguswa na jiwe, kufunguliwa, kusogezwa. Gawanya mwenyewe. Kila jino linapata sekunde tatu na ushee, na humohumo nipumue na nikujibu maswali yako ya siasa.

Nikisema hivyo, linafuata lile neno linaloninyima usingizi: "Ah, lakini si mashine ndiyo inanoa?"

Mashine hainoi. Mashine inazungusha jiwe, basi, kazi yake imeishia hapo. Ukiiacha peke yake itazungusha jiwe mpaka Luku iishe na cheni yako itabaki butu vilevile. Anayenoa ni mimi hapa, mwenye kiuno kinachouma. Ila nakubali kwamba mashine inajua kufanya jambo moja vizuri sana bila msaada wangu, nalo ni kumuumiza mtu.

Ubavuni mwa mashine yangu imeandikwa mizunguko 4,800 kwa dakika, na jiwe lina kipenyo cha milimita 108. Kijana wangu wa kidato cha pili nilimpa hesabu hiyo ili aweke simu chini kidogo. Akarudi na jibu: ukingo wa jiwe unakimbia karibu kilomita 98 kwa saa. Mabasi ya Mbeya yanayopita hapa barabara kuu, sheria inayaruhusu 80. Hilo jiwe unene wake haufiki nusu sentimita, limeshikwa na nati moja, na mteja wangu anataka ainame alisogelee kwa pua "aone linavyokula."

Ndiyo maana nimechora mstari wa chaki sakafuni. Jiwe likipasuka, vipande vinafyatuka kwa kufuata uelekeo linakozunguka, yaani mbele yake na juu yake, si ubavuni. Kwa hiyo hakuna kusimama mbele ya jiwe, hata mimi nasimama upande. Mzee mmoja aliyeanza kazi ya miti zamani kweli alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mimi nimeangusha miti kabla hujazaliwa."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naomba usogee kushoto."

Alisogea, lakini mpaka leo anawaambia watu kijana yule ana makali kuliko anavyonoa.

Halafu kuna mambo ya mavazi. Juni na Julai baridi ya Mufindi haina mchezo, na watu wanakuja wamejifunga: skafu hadi magotini, makoti ya mitumba yenye kofia, na kwenye hiyo kofia kuna vile vikamba viwili vinavyoning'inia kifuani. Anainama kuonyesha jino lililoliwa, kamba inaning'inia sentimita chache kutoka kwenye jiwe, na yeye anaeleza kwa utulivu kabisa. Nikimwambia achomekee kamba ndani anadhani nina ugomvi na koti lake. Dada mmoja nilimwomba afungue skafu kabla ya kuingia bandani, akaniuliza kama hapa ni msikitini au airport.

Miwani ndiyo balaa. Ninayo ya kazi, ile inayofunika hadi pembeni ya macho, maana vumbi la jiwe na chembe za chuma haviji kwa njia ya mbele peke yake. Kuna anayesema yeye ana miwani ya kusomea inatosha. Kuna aliyekuja na ya jua, bandani mwangu mwenye dirisha moja, akawa anapapasa cheni kama anatafuta hela chini ya kitanda. Wengine wanafumba jicho moja. Sijui hilo lililobaki wazi wanaona halina thamani au vipi.

Jiwe jipya ndilo huwamaliza subira. Kabla sijalifunga nalitundika kidoleni na kuligonga polepole kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Jiwe zima linalia, sauti safi. Lenye ufa linatoa sauti iliyokufa, na hilo naliweka kando hata kama ufa siuoni kwa macho. "Sasa unaliuliza nini?" wananicheka. Naangalia pia mizunguko iliyoandikwa kwenye jiwe isiwe pungufu ya ile ya mashine. Nachomoa plagi, nalifunga, narudisha kikingio, nachomeka, nawasha, nasimama pembeni dakika nzima nikiliangalia linazunguka bure. Hapo ndipo wanapopata ushahidi kwamba mimi nalipwa kwa kuangalia jiwe.

Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, ninachofanya kwanza ni kuzima swichi.

"Unazima nini na umeme haupo?"

Nazima kwa sababu utarudi. Utarudi hautapiga hodi, na utakuta vidole vyangu viko kwenye cheni, kwa sababu mashine yangu swichi ikiachwa imewashwa inaanza yenyewe. Hili nalieleza kila wiki, kwa watu walewale.

Utomvu nao una kesi yake. Paini inatoa utomvu unaoganda kwenye cheni pamoja na unga wa mbao na vumbi, na uchafu huo ukifika kwenye jiwe unaliziba uso. Jiwe lililozibwa halikati tena, linasugua tu na kupasha moto. Basi nikatangaza: leteni cheni safi. Kijana mmoja akatii kuliko wote. Aliiosha kwa petroli, akaniletea ikiwa bado inadondoka, inanukia hadi barabarani, amejaa fahari. Kwenye mashine inayotoa cheche! Nilimwomba akaitundike kwenye uzio, mbali, akakasirika kwamba namdharau baada ya juhudi zote zile. Mafuta ya taa na brashi ya zamani ya meno vinatosha, ndugu yangu, ukaifuta mpaka ikakauka.

Sasa tuje kwenye jino lenyewe, maana hapa ndipo nilipo na kinyongo. Haya meno yana historia ya kuheshimika. Mwaka 1946, huko Oregon, Marekani, mkata miti aitwaye Joseph Cox alimtazama funza wa mbawakawa akitafuna gogo, akaona taya zake zinakula mbao kulia na kushoto, akatengeneza cheni ya meno yanayopokezana upande kwa upande. Mwaka uliofuata akaanza kuiuza. Kazi nzuri kabisa. Ila huyo funza hakuwahi kukutana na mlingoti uliopigiliwa bango la mgombea.

Misumari ya mabango ndiyo inayonilisha, na ndiyo inayonigombanisha na watu. Jino likigonga msumari, ncha inavunjika, na ile ngozi nyembamba ya kromu iliyo juu ya jino inachubuka. Makali yanashikiliwa na hiyo kromu, kwa hiyo lazima nisage mpaka palipochubuka paishe. Na kwa kuwa msumeno unataka meno yote yawe na urefu mmoja, natafuta jino lililoumia kuliko yote, nalipima, nafunga skrubu hapo, na mengine yote yanashuka hadi kwake. Ukiacha upande mmoja mrefu kuliko mwingine, chenso inavuta upande, unakata gogo unatokea kwa jirani. Mteja akiona meno yamepungua anapiga kelele: "Umenilia cheni!" Mimi nimekula cheni? Muulize mgombea.

Kuna alama ndogo nyuma ya jino kwenye cheni nyingi, mstari mwembamba unaosema hapa ndipo mwisho. Nikiwaonyesha wanasema ni urembo.

Haraka yao ingekuwa na hasara ya muda tu ningenyamaza. Lakini jiwe linataka kugusa na kuachia, kugusa na kuachia. Ukikandamiza, jino linabadilika rangi mbele ya macho yako, linakuwa la bluu. Chuma kimeungua, na makali ya chuma kilichoungua hayafiki hata mwisho wa gogo la kwanza. Bosi mmoja mwenye mashine tatu za kupasulia mbao, zile tunazoziita dingi-dongi, kule msituni alinishika bega: "Kandamiza, kijana, imalizike, nina watu wamekaa." Nikamwambia litageuka bluu. Akasema bluu anaipenda.

Na pembe. Cheni ya kukata magogo huku tunainoa nyuzi 30. Ya kupasulia mbao, inayotembea kufuata urefu wa gogo, nyuzi 10. Namuuliza mtu, unakwenda kukata au kupasua? Anafikiri sana, anatazama dari, kisha anasema, "Weka ya katikati."

Mbele ya kila jino kuna kinundu. Kazi yake ni kulipimia jino lichukue mbao kiasi gani, na huwa chini ya makali kwa karibu milimita 0.65. Kadiri jino linavyosagwa linashuka, kwa hiyo na kinundu kinashushwa kidogo, kwa kipimo chake cha bati na tupa bapa. Kidogo. Lakini mtaani kumeingia elimu kwamba ukikifyeka kinundu chote msumeno unakuwa "mkali balaa." Unakuwa, ndiyo. Unang'ata zaidi ya uwezo wa injini, unatetemeka, na ncha ya baa ikigusa kitu, chenso inaruka nyuma kuelekea usoni kwa aliyeishika. Hilo sifanyi kwa hela yoyote. Wanaondoka wakisema nimekosa ushirikiano.

Wapo pia wanaoleta visivyo cheni. Panga. Mkasi wa saluni. Shemeji alikuja na jembe. Mke wangu, ninayemheshimu, aliingia bandani na kisu cha mchicha akasema nikiguse tu pale ubavuni mwa jiwe. Ubavuni ndiko kusikoguswa! Jiwe jembamba hivi limetengenezwa lifanye kazi kwa ukingo; ukilisukuma kwa ubavu linaweza kuvunjika. Nimemweleza kwa upole wote niliojaliwa. Mchicha siku hiyo tuliula mzimamzima.

Cheni ikishatoka mashineni naisukutua kwenye oili kuondoa unga wa jiwe, maana ule unga ni msasa, ukiachwa unasaga baa. Nasugua meno kwenye kipande cha mbao laini kutoa vinyuzi vya chuma vilivyobaki. Hayo yote mteja anaona namcheleweshea kwa makusudi ili bei ionekane ya haki. Kisha anaipokea kwa mikono mitupu, ingawa nimemnyooshea glavu, na cheni hiyo ambayo haijafungwa popote, haizunguki, imelala tu, inamchana kiganja. Anaitazama damu, ananitazama mimi.

"Mbona imekuwa kali hivi?"

Wiki jana jirani, aliyechoka na masharti yangu, amejinunulia mashine yake, kubwa kuliko yangu, na ametangaza bei ya chini na huduma ya haraka. Nilimshukuru Mungu. Jioni hiyohiyo akanigongea, jicho jekundu, anaomba nimwazime miwani. Nikamuuliza, mashine hii haikuja na miwani? Akasema ilikuja na kitabu. Nikamuuliza, na kitabu kimesemaje? Akasema kitabu kina lugha tisa na Kiswahili hakimo, kwa hiyo mama watoto amewashia mkaa.