Soko huria ni la mayai yangu

Tangu mpwa wangu arudi kutoka chuo kikuu, sipumui. Kijana kasomea uchumi. Kazi hana, maneno anayo. Anashinda hapa kwenye toroli langu la smoki na mayai boilo, anakula kwa deni, huku akinieleza kwamba hakuna cha bure duniani. Sasa nimwambie nini?

"Anko, bei ni habari," ananiambia, mdomo umejaa kachumbari. Eti kuna mzee aitwaye Hayek, mzaliwa wa Vienna, aliyaandika hayo 1945, na 1974 akapewa tuzo ya Nobel. Eti bei ikipanda ni kama soko limekupigia simu: kitu kimeadimika, tumia kidogo, na mwenye nacho alete. Hakuna haja ya waziri kujua mahindi yameharibikia wapi. Mimi simu za mambo kupanda napigiwa na landilodi kila mwaka, na sijaona tuzo.

Nikamwambia mimi nataka serikali ishushe bei ya unga, basi. Sheria si ipo? Ilipitishwa 2011, mswada wa Ephraim Maina, mbunge wa Mathira siku hizo, na Kibaki akatia sahihi. Waziri anaweza kutangaza bei ya juu kabisa ya unga, mchele, sukari, mafuta. Anangoja nini? Kijana akacheka mpaka smoki ikamdondoka. Akaniuliza kama nimesahau 2017.

Nisahau vipi? Mei ule, pakiti ya kilo mbili ilikuwa imepita bob 150. Uchaguzi ni Agosti. Serikali ikatia ruzuku, unga ukashuka hadi 90. Niliimba! Nikabeba gunia la viazi, tupu, nikaenda supamaketi. Laini imetoka nje, imepita kinyozi, imekunja kona. Nikapanga. Jua linaniwakia upara. Kila mtu ni pakiti mbili tu, na mbele yangu kuna mama amekuja na watoto wake wote. Hata wa mgongoni alihesabiwa! Wangu niliwaacha shule, mjinga mimi. Kufika kwenye rafu, vumbi jeupe tu. Soja wa mlangoni akaniangalia, akaliangalia gunia, akaniuliza kama nahama. Kwa aibu nikanunua kiberiti. Jioni, duka la mtaani, unga tele! Umetolewa kwenye pakiti, unapimwa kadogo kadogo, na ile 90 hakuna anayeijua.

Mimi nilisema ni wezi. Mpwa anasema ni hesabu: ukitangaza bei ya chini na unga hautoshi, watu watalipia kwa kusimama. Halafu Julai 2022 wakarudia, pakiti bob 100 kutoka mia mbili na kitu, uchaguzi uko mlangoni. Septemba Ruto akaapishwa, na siku hiyo hiyo akasema ruzuku hizo zimekula mabilioni bila kusaidia. "Na hiyo pesa si ya waziri, Anko. Ni ya ushuru. Ni yako." Yangu? Kumbe unga niliununua, ni vile tu sikuupata!

Lakini kuna upande mmoja wa hawa wasomi unaonigusa moyo. Kuna Hernando de Soto wa Peru. Miaka ya 80 watu wake walijaribu kusajili karakana ndogo ya kushona nguo pale Lima, kwa njia halali, hatua kwa hatua. Siku 289! Niliposikia hivyo machozi yalinilenga. Mimi ninayo leseni ya kutafuta, cheti cha afya cha kutafuta, na kila dirisha linanituma dirisha jingine. Kuna karani aliniuliza biashara yangu iko jengo gani, ghorofa ya ngapi. "Ni toroli, madam. Lina magurudumu." Akaandika kwenye fomu: HAIJULIKANI. Hazikupita siku nyingi, kanjo wakalijua bila ramani. Wakalipakia kwenye lori mayai yakiwa bado moto. Hapo nikawa mfuasi kamili wa Hayek. Serikali itoke! Soko liachwe!

Basi toroli likarudi, na trei ya mayai ikapanda. Nami nikapandisha yai kutoka 20 hadi 25. Weee! Vijana wa boda wakafoka: serikali iingilie kati! Nikasimama wima, nikawaeleza polepole kwamba bei ni habari. Mmoja akasema, "Habari tumeipata, mzee," akawasha pikipiki, akaenda kwa mama fulani aliyefungua juzi ng'ambo ya barabara. Kwake bado ni 20. Wote wakamfuata. Mpwa wangu akapiga makofi. "Ushindani huo, Anko!" Yeye hakuondoka. Kule hawakopeshi.

Nikamwambia mama huyo sijawahi kuona leseni yake, na namba ya kanjo mmoja ninayo. Kijana akaacha kutafuna. Akasema watu kama mimi Adam Smith aliwaona zamani, 1776: wafanyabiashara wakikutana, hata kama ni kwa starehe, mazungumzo huishia kwenye njama ya kuwaumiza wanunuzi. Njama na nani? Nilikuwa peke yangu na mayai yaliyopoa!

Kwa hivyo waziri, kama haya yatakufikia: unga tangaza bei, tena leo. Mayai usiyaguse, hayo ni soko huria. Na yule mama wa ng'ambo mwulizeni leseni. Yangu inashughulikiwa.