Mchungaji Atafutiwa Kundi

Bwana mkubwa wa Kitengela, mwenye ploti ya 50 kwa 100, hapati usingizi: anunue German Shepherd au Malinois? Hana ng'ombe, hana mbuzi. Ana kuku wanne na gari la mkopo.

Wa kwanza ni Mjerumani. Kapteni von Stephanitz alianza kuujenga ukoo wake mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Wa pili ni Mbelgiji wa Mechelen. Mwenzake mmoja, Cairo, aliandamana na makomando wa Marekani kumwendea Osama mwaka 2011. Mtu wa hadhi hiyo, leo umfungie bandani amfokee muuza sukuma wiki!

Shepherd atakumwagia manyoya mpaka kwenye chai. Malinois, usipompa kazi, atajitafutia: kochi, bomba la maji, suruali ya shemeji. Na kwa kukosa kondoo, yeyote kati yao aweza kuwaswaga watoto wako pembeni ya uwanja, akiwadonoa visigino.

Wote wanataka mazoezi kila siku. Bwana, anayepanda boda kwenda dukani, ameulizwa na mkewe nani atakimbia nao alfajiri. Amemgeukia kijana wa shamba.