Mpangaji Asiyelipa

Nchelenge, Zambia, ufukweni mwa Ziwa Mweru, kuna wapangaji wasiolipa kodi. Kwa Kibemba huitwa ifibanda, yaani pepo. Usiku sufuria zinagongana, dari inakwaruzwa, na asubuhi mganga anadai kuku mweupe pamoja na nauli ya boti. Popo? Panya walionusa dagaa wa chisense? Wewe hujui mambo! Mchawi aliyewatuma, mganga hamtaji, maana Sheria ya Uchawi ya 1914 humbana anayemwita mwenzake mchawi; anakonyeza tu upande wa jirani. Ajabu, pepo hawa huchachamaa Desemba hadi Februari, uvuvi unapofungwa, naye baba mwenye nyumba analala kwake kila usiku, akikoroma. Pepo hajatoka bado. Kuku ameshatoka, kwapani mwa mganga.